Rangi moja ya kahawia, mbao nne



Mliozoea ukurasa huu mtashangaa kidogo mwezi huu. Mmezoea kutusikia tukizungumza habari za chanjo, uji wa lishe, kuharisha kwa watoto na mambo mengine yaliyo karibu na kazi yetu ya uuguzi. Leo tunaingia karakana ya seremala, na tunayo sababu. Ni mama gani kati yetu ambaye hajawahi kuagiza kitanda, kabati au meza, akamwambia fundi, "Nipakie ile kahawia nzito"? Isitoshe, katika jambo hili hili sisi wenyewe tulimkosea mtu, na tumeona ni afadhali tuliseme kuliko kulisikia likisemwa sokoni.

Habari yenyewe ni hii. Umoja wa wanawake wa usharika wetu hapa Morogoro uliazimia kumtengenezea samani mwinjilisti aliyehamia kwetu. Alifika na mke na watoto watatu, na mali yao yote ilikuwa magodoro mawili, masanduku na vyombo vya jikoni. Tukauza vitumbua na maandazi baada ya ibada, tukaweka akiba kidogo kidogo kwa miezi mingi, lakini tulipohesabu tukaona fedha haitoshi kununua mbao za mninga kwa ajili ya kila kitu. Ndipo ikatolewa shauri iliyoonekana kuwa ya hekima sana siku ile: kila mwenye mbao nyumbani azilete. Mama mmoja mjane alitoa mbao za mninga zilizobaki tangu mumewe alipojenga. Mwingine akaleta mtiki. Kwa mwingine ilipatikana milango miwili ya zamani ya mkongo, mizito kama mawe. Zilizopungua tukanunua msindano unaoletwa kwa malori kutoka Mufindi, maana bei yake tuliimudu.

Kwa hiyo meza ingekuwa ya mninga, kitanda cha mkongo, viti sita vya mtiki, na kabati la nguo la msindano. Na ili vionekane kama vilivyozaliwa tumbo moja, tuliagiza vyote vipakwe rangi moja, kahawia nzito ya kahawa iliyokaangwa sana, ile ambayo mafundi huiita steni. Tukasema, rangi itaficha yote. Fundi wetu, mzee mpole asiyependa maneno mengi, alisema jambo fulani kwamba "mama zangu, mbao hazinywi sawa." Tulidhani anatafuta njia ya kuongeza bei, tukampita.

Siku ya kuvipokea tulisimama uani tukitazamana. Meza ilikuwa nzuri, kahawia yenye joto ndani yake, na mistari myembamba ya giza ikienda na urefu wa ubao. Kitanda kilikuwa karibu cheusi, wekundu ukichungulia kwa mbali. Viti vilikuwa vyepesi kwa rangi, na ulipopitisha kiganja kilinata kana kwamba vimepakwa jana, ingawa vilikuwa na siku nne. Na kabati, jamani! Mistari mipana myeusi, mistari myembamba ya njano, mabaka hapa, mawingu pale, na kando ya kila kiungo doa jeupe kama alama ya ugonjwa wa ngozi. Mama mweka hazina akakumbuka kwamba tulitoa fedha ya makopo matatu ya rangi. Akauliza, mbele ya watu, makopo matatu yamekwenda wapi ikiwa kabati limepakwa namna hii. Mmoja akasema rangi imeongezewa thina ili ibaki ya kuuzwa. Hatukutafuta ushahidi zaidi. Juma lile lile tulipeleka neno kwa mzee wa kanisa kwamba fundi ametuibia.

Aliitwa siku ya Jumanne jioni. Akaja na mfuko wa salfeti wenye vipande vya mbao, kopo moja lililofunguliwa, tambara, na saa yake ya mkononi. Hakujitetea kwa maneno. Aliomba ruhusa ya kukaa chini, akapanga vipande vinne juu ya gazeti, vyote vimepigwa msasa wa namba moja. Akapaka nusu ya kila kimoja kutoka kopo lile lile, akasubiri dakika tano kwa saa, akafuta vyote kwa tambara. Kisha akasogeza taa ya kandili karibu, maana umeme ulikuwa umekatika. Vipande vinne vilikuwa na rangi nne, na kila mmoja wetu akatambua pale kabati letu, meza yetu, kitanda na viti.

Tulinyamaza, tena kwa muda mrefu. Baadaye, baada ya maneno ya kuombana radhi ambayo hatutayaandika hapa, tulimwomba atufundishe, naye alitufundisha mpaka saa tatu usiku. Mengi ya yanayofuata ni yake, na tumeongeza machache ya kwetu.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba steni si kama rangi ya ukutani. Rangi ya ukutani hukaa juu na kuficha. Steni huingia ndani ya ubao na kuacha ubao uonekane. Sisi wauguzi tulielewa upesi kwa mfano wa jivii, ile dawa ya zambarau. Mpake mtoto jivii kwenye ngozi nzima nayo hukaa juu na kufutika. Ipake penye mchubuko, inashika na kukolea. Ubao nao una sehemu zilizofunguka na sehemu zilizofunga, na rangi hufuata njia inayoipata. Rangi unayoiona mwishoni ni rangi ya ubao na rangi ya kopo zikiwa pamoja. Steni inaweza kuutia ubao giza. Haiwezi kuufanya ubao mwekundu usahau wekundu wake.

Tuanze na msindano, kwa kuwa ndio wenye kesi na ndio ulio katika nyumba nyingi. Ukiutazama ubao wa msindano kabla ya kupakwa, utaona mistari ya rangi iliyokolea na kati yake sehemu pana nyeupe. Sehemu pana ni mbao iliyokua haraka wakati wa mvua, nayo ni laini kama sifongo. Mistari iliyokolea ni ile iliyokua taratibu, nayo ni migumu. Sasa paka kahawia nzito. Sehemu laini inakunywa rangi na kuwa nyeusi. Mistari migumu inakataa na kubaki ya njano. Palipokuwa peupe pamekuwa peusi, na palipokuwa peusi pamekuwa peupe, kama vile ilivyokuwa negativu ya picha tulipopiga picha kwa filamu. Ndiyo sababu kabati letu lilionekana geni hata kwa mtu asiyejua chochote cha useremala. Macho yamezoea msindano ukiwa na mistari yake mahali pake.

Tena msindano una utomvu uliojificha hapa na pale, nao huzuia rangi. Hapo hutokea mawingu. Mafundo yake, yale macho ya mti, ni magumu na yenye utomvu mwingi. Hubaki yaking'aa katikati ya giza. Kwa wenye kupenda mambo mepesi, msindano hupendeza zaidi ukipakwa vanishi isiyo na rangi, au kahawia hafifu ya asali. Huo ndio ushauri wa fundi na sisi tunauunga mkono. Lakini kama ni lazima uwe mzito, yeye hupaka kwanza sila iliyozimuliwa kwa thina, huacha ikauke, hupitisha msasa mwembamba kidogo, ndipo hupaka steni mara mbili au tatu nyembamba, akifuta kila mara. Sila huziba ile sehemu yenye ulafi, na tofauti hupungua. Haiishi yote. Kazi hiyo huchukua muda na vifaa, na sisi tulikuwa tumemlipa kazi ya kupaka mara moja.

Na yale madoa meupe kwenye viungo? Gundi. Gundi ya mbao inapominywa kutoka kwenye kiungo huenea juu ya ubao, nayo ikikauka haionekani kabisa. Siku ya kupaka steni inajitangaza, kwa sababu rangi haipiti juu ya gundi. Hapa fundi alikiri kosa lake bila kuulizwa. Kijana wake aliifuta gundi kwa kidole badala ya tambara la maji, naye hakukagua. Alilisema hilo mbele ya watu wale wale waliokuwa wamemwita mwizi, na wengine wetu tulitazama chini.

Mninga ni habari nyingine. Kiini chake kina rangi kuanzia dhahabu iliyokolea hadi kahawia nyekundu, na ukitazama kwa karibu utaona matundu madogo marefu kama yaliyochomwa kwa pini. Steni nzito inapopita huingia katika matundu hayo na kuyajaza, nayo huonekana kama uzi wa giza, huku ubao unaoyazunguka ukibaki na joto lake. Ndiyo sababu meza ilipendeza. Lakini tuseme ukweli wetu: kuupaka mninga kahawia nzito ni kama kumvika bibi harusi koti la mvua. Ubao huo umekuja na uzuri wake. Tulipokiona kile kipande cha majaribio, nusu yenye steni na nusu yenye vanishi tupu, watu wanane kati ya kumi waliokuwapo walichagua nusu ya vanishi tupu. Steni ina kazi moja ya haki kwenye mninga. Ubao wa mninga mara nyingi huja na ukingo mweupe wa upande wa gome, na fundi mwenye mkono mzuri huweza kuutia rangi ukingo huo peke yake hadi ukakaribiana na kiini. Jihadharini tu na vumbi lake wakati wa msasa. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua kwa baadhi ya watu, na wengine hupata vipele. Vumbi la mvule nalo lina sifa hiyo hiyo. Mwenye mtoto wa pumu asimruhusu acheze karakana inapopigwa msasa.

Na kwa kuwa tumeutaja mvule: ukikatwa ni wa njano njano, lakini ukikaa penye mwanga hugeuka wenyewe taratibu kuwa kahawia ya dhahabu. Mama anayetaka kabati la mvule liwe la kahawia anahitaji subira kuliko kopo.

Mkongo uliowekwa kwenye kitanda ni mgumu na una wekundu tangu mwanzo. Steni iliingia kidogo tu, lakini juu ya wekundu ule hiyo kidogo ilitosha kuufanya karibu mweusi. Fundi alisema alitumia robo tu ya steni iliyokwenda kwenye kabati, ingawa eneo halikupishana sana. Hapo mama mweka hazina alipata jibu lake: sehemu kubwa ya makopo yale ilimezwa na msindano. Jambo jingine kuhusu mkongo ambalo akina mama tunapaswa kulijua ni kwamba ndani ya matundu yake huwa na unga wa njano, na unga huo ukipata unyevu unaweza kutia doa la njano kwenye nguo. Msianike wala msirundike shuka mbichi juu ya mkongo usiopakwa vanishi. Na kama mna mtoto anayekojoa kitandani, hakikisheni vanishi imefika hata upande wa chini wa chaga.

Mtiki, ambao wengine huuita msaji, ndio ulionata. Mti huu una mafuta ndani yake. Hayo ndiyo yanayoufanya uvumilie mvua na mchwa kuliko mbao nyingi. Mafuta hayo hayo huizuia steni isiingie na huifanya vanishi ichelewe kushika. Kawaida uso wa ubao hufutwa kwa tambara lenye thina, na mara unapokauka ndipo upakwe, siku hiyo hiyo, kabla mafuta hayajapanda tena. Vijana wa karakana walikuwa na haraka ya kutupelekea viti kabla ya Jumapili. Haraka hiyo ilikuwa yetu.

Zipo mbao nyingine ambazo wasomaji wa mikoa mingine watatuuliza. Sipresi, inayopatikana sana nyanda za juu, ina nyuzi laini zilizolingana, hivyo hupokea kahawia kwa usawa zaidi kuliko msindano. Tabu yake ni mafundo, ambayo huwa mengi. Mgrevilea wa mashamba ya kahawa na chai, ukipasuliwa kwa upande fulani, huonyesha madoadoa kama magamba ya samaki, na steni nzito huyakuza. Wapo wanaoyapenda. Sisi tunaona yanachosha macho katika chumba kidogo. Mpingo hauhitaji steni yoyote, kiini chake ni cheusi chenyewe. Ila wapo wauzaji wa vinyago wanaosugua rangi nyeusi ya viatu kwenye mti mwingine na kuuita mpingo. Kipande cha mpingo halisi kikitiwa majini huzama.

Mbao za kiwandani zina yao. Plaiwudi ina ngozi nyembamba juu. Ukiisugua sana inatoboka na steni hutokeza baka lisiloondoka, na kingo zake hunywa rangi kama udongo mkavu. Kingo za ubao wowote, kwa kweli, pale ulipokatwa kwa kukingama, huwa nyeusi kuliko uso, kwa maana mirija iliyokuwa ikipandisha maji mtini imefunguka pale kama mirija ya soda iliyofungwa kwa pamoja. Fundi hupiga kingo hizo msasa laini zaidi ili zinywe kidogo. Na yale makabati ya unga wa mbao yaliyobandikwa karatasi yenye picha ya ubao hayapakwi steni hata kidogo. Hakuna mahali pa kuingia.

Sasa tuje kwenye jambo lililotuuma zaidi jioni ile, maana lilitokea bila kutarajiwa. Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa ametazama kile kipande cha msindano kwa muda mrefu. Akakishika, akakigeuza, akasema kwa sauti ya chini, "Kitanda changu kiko hivi." Kitanda hicho walikinunua miaka mitatu nyuma kikiwa tayari, mahali tusipopataja, kwa bei ya mninga, kwa fedha ya mauzo ya ng'ombe. Mumewe alikisifu kwa kila mgeni. Kwa miezi kadhaa kilikuwa kikidondosha unga mwembamba chini, naye alifikiri ni vumbi la dari. Kesho yake tulikwenda naye pamoja na fundi. Alilala chini ya kitanda na tochi. Upande wa chini wa chaga, ambako hakuna aliyepaka kitu, mbao zilikuwa nyeupe zenye mistari ya njano, na vitundu vya dumuzi vilikuwa vingi. Ulikuwa msindano, umepakwa vanishi yenye rangi nzito mara nyingi hadi ubao wenyewe hauonekani.

Mama huyo hakulia. Aliuliza tu kama amwambie mumewe. Hatukujua la kumjibu siku ile, na hata sasa hatujui kama tungejibu vema. Alimwambia mwenyewe baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo tunawaandikia namna ya kutazama, ili mtu mwingine asiuze ng'ombe kwa jambo hili. Samani iliyopakwa giza zito usiitazame mbele. Toa droo, itazame kwa chini. Geuza kiti. Pitisha mkono nyuma ya kabati. Pale fundi hakujisumbua kupaka, ubao husema ni nani. Kisha tafuta mahali ubao ulipokatwa kwa kukingama na utazame kwa karibu: mninga, mkongo na mvule vina matundu yanayoonekana kwa macho, kama ya pini, msindano na sipresi havina, utaona pete tu. Unyanyue pia. Msindano uliokauka ni mwepesi, na kitanda kizima cha mkongo hakinyanyuliwi na mtu mmoja. Tazama mkwaruzo kama upo: steni iliyoingia ndani hukwaruzika ikabaki na kahawia, lakini vanishi yenye rangi iliyokaa juu hubanduka na kuonyesha weupe. Mwuzaji akikukataza kutazama chini ya kitanda, rudi nyumbani na fedha yako.

Hatusemi kwamba kuupaka msindano rangi ni udanganyifu. Katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli alitengeneza sanduku la agano kwa mti wa mshita, kisha akalifunika kwa dhahabu, ndani na nje, na kila mtu alijua kuwa ndani ni mshita. Msindano wenyewe ni mbao nzuri kwa bei yake, ukiwa mkavu na ukiwekwa dawa ya wadudu. Steni si dawa. Haimwui dumuzi wala haimfukuzi mchwa.

Hapo kwenye dawa, tuvae sare yetu kidogo. Zipo mbao za msindano zenye rangi ya kijani kibichi hafifu, hizo zimetiwa dawa kiwandani kwa ajili ya kuezekea na nguzo. Kijani hicho hutokana na shaba, na aina moja ya dawa hizo ina sumu ya aseniki pia. Ukizipaka kahawia hutoka rangi ya tope, lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba zisitengenezewe kitanda cha mtoto wala meza ya kulia, na vipande vyake vilivyobaki visitumike kupikia. Moshi na majivu yake vina sumu. Tunajua jinsi vipande vya karakana vinavyowavutia akina mama wakati mkaa umepanda bei, ulizeni kwanza.

Thina na steni hazitunzwi kwenye chupa ya soda. Tumempokea wodini mtoto wa miaka miwili aliyekunywa thina iliyokuwa kwenye chupa ya soda chini ya meza ya baba yake. Alipona, baada ya siku nyingi za kupumua kwa shida. Bibi yake, kwa upendo wote, alikuwa amemtapisha. Thina na mafuta ya taa hayatapishwi kamwe: yakirudi kooni huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo huua. Msimlazimishe maziwa pia, kwa kuwa yaweza kumtapisha. Mwondoeni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi, mkimbizeni hospitali, na chupa yenyewe mwende nayo.

Mama mjamzito asikae chumbani mnamopakwa. Kitanda cha mtoto mchanga kipakwe nje na kiachwe penye hewa hadi harufu iishe kabisa, hata ikichukua majuma. Jiko la mkaa lisiwe karibu. Na matambara yaliyolowa mafuta ya linsidi, ambayo baadhi ya mafundi huchanganya na steni, yasirundikwe pamoja: huzalisha joto yenyewe na kuwaka bila kiberiti. Yatandazeni nje yakauke.

Kwa anayetaka kuagiza samani mwezi huu, mwombe fundi kipande cha ubao ule ule atakaoutumia, si ubao wa jirani yake. Kipigwe msasa sawa na samani itakavyopigwa, kipakwe steni, kisha kipakwe vanishi juu yake, maana steni kavu huonekana imepauka kama majivu, na vanishi ndiyo inayofufua rangi yake. Kitazame mchana nje, na usiku kwa taa ya nyumbani kwako. Andikeni majina nyuma ya kipande hicho, wewe na fundi, ukitunze. Na kumbuka kwamba kahawia nzito huonyesha vumbi kuliko kahawia ya kati, na alama za vikombe vya moto huonekana juu yake kama pete nyeupe. Katika chumba chenye dirisha moja, kabati kubwa la giza hukifanya chumba kiwe kidogo zaidi, na mbu hupenda kujificha nyuma yake mchana. Hilo la mbu ni letu, fundi hakulisema.

Samani za mwinjilisti zilirekebishwa. Viti vilikwanguliwa, vikafutwa kwa thina, vikaachwa na rangi yao ya mtiki. Meza na kitanda havikuguswa. Kabati lilikwanguliwa lote kwa siku tatu, likapakwa sila, kisha kahawia nyepesi mara tatu, na tulimlipa fundi kazi hiyo ya pili kwa fedha ya vitumbua vya miezi miwili. Havifanani hata kidogo. Mke wa mwinjilisti alipofungua kabati mara ya kwanza hakutazama rangi. Alihesabu rafu, akasema zipo tano, na watoto ni watatu.